Bwawa limejaa samaki lakini hakuna anayezidi kiganja: je, tuongeze vifaranga?

Swali: Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Kahawa Sukari, Nairobi. Kampuni yetu ya wanahisa ilinunua shamba la zamani la kahawa upande wa Ruiru, na ndani yake mna bwawa la ekari 11 hivi. Miaka 6 iliyopita tulitia vifaranga wa tilapia. Sasa samaki wamejaa, lakini hakuna anayezidi kiganja cha mkono, na hata wale wadogo kabisa tukiwapasua tunakuta mayai. Binti yangu aliye Minnesota, Marekani, amenitumia taarifa ya wataalamu wa serikali ya huko kuhusu ziwa dogo lililo karibu na kwake. Samaki wamepimwa, wamelinganishwa mwaka kwa mwaka, na watu hulipia leseni ili wavue kwa ndoano. Wanahisa wamevutiwa. Wanataka tununue vifaranga 20,000 zaidi, kisha tufungue bwawa kwa wavuvi wa ndoano kutoka Nairobi. Je, wazo hili lina maana? Na tunaweza kuleta samaki kama wale wa kwa binti yangu, au trauti? Na je, tuanze kuwalisha hawa tulio nao?

Jibu:

Shikamoo Mwalimu. Naanza na vifaranga, maana hapo ndipo pesa za wanahisa zinapotaka kupotea: msiwanunue. Kwa maelezo yako, bwawa lenu halikupungukiwa na samaki hata kidogo. Limepungukiwa na chakula cha kuwatosha samaki lililo nao. Mkitia 20,000 wengine mtakuwa mmeongeza wageni kwenye sinia lilelile, na mwaka ujao utaniandikia kwamba samaki sasa hawafiki hata kiganja.

Bwawa ambalo halilishwi hubeba uzito fulani wa samaki, basi. Uzito huo hutokana na mwani, wadudu wa majini, majani yanayooza na mbolea inayoteremka kutoka mashambani wakati wa mvua. Hauongezeki kwa kuwa umetia vifaranga wengi. Kinachobadilika ni namna uzito huo unavyogawanywa. Tuchukulie, kwa mfano tu, kwamba bwawa lenu hubeba kilo 1,000 za samaki. Kilo hizo zinaweza kuwa samaki 2,500 wa gramu 400 kila mmoja, ambao mtu atatoka Nairobi na kulipa kiingilio ili awavue. Zinaweza pia kuwa samaki 25,000 wa gramu 40, ambao hata mtoto atachoka nao baada ya nusu saa. Maji ni yaleyale na uzito ni uleule, ila ninyi mmeangukia mgawanyo wa pili.

Mayai uliyoyaona ndani ya samaki wadogo ndiyo yaliyonihakikishia. Tilapia ana tabia moja ambayo ni baraka ziwani na balaa bwawani. Akiwa na nafasi na chakula, hukua kwanza, kisha huanza kuzaa. Akibanwa na njaa, huacha kukua na kuanza kuzaa mapema, wakati mwingine akiwa na miezi michache tu na uzito usiozidi gramu 50. Jike hutaga, dume hurutubisha, kisha jike huyachukua mayai kinywani na kuyalinda humo mpaka yaanguliwe na watoto waweze kuogelea wenyewe. Akiwa amewabeba hali, kwa hiyo hakui. Maji yakiwa na joto la kutosha hurudia kazi hiyo kila baada ya wiki kadhaa. Ruiru iko kwenye mwinuko wa mita 1,500 na zaidi kidogo, na kwa sehemu kubwa ya mwaka maji ya huko yana joto la kumwezesha kuzaa, ingawa hayana joto la kumfanya akue kwa kasi. Tilapia wa Mto Nile hukua vizuri zaidi maji yakiwa kati ya nyuzi 27 na 30 za Selisiasi. Bwawa lenu ni nadra lifike huko. Basi mnapata uzazi mwingi na ukuaji mdogo, na hakuna ndani ya maji yale kiumbe wa kuwapunguza watoto isipokuwa ndege kama mnandi na mdiria.

Kabla hatujaenda mbali, hakikisheni ni tilapia gani mliye naye. Tilapia wa Mto Nile ana mistari ya kusimama inayokata mkia wote, na huyo ndiye anayefuga mayai kinywani. Yule mwenye tumbo na koo jekundu, na doa jeusi kwenye sehemu ya nyuma ya pezi la mgongo, hutaga chini na kulinda mayai papo hapo. Mara nyingi gari la vifaranga huleta wote wawili. Tofauti hii ina maana, kwa sababu kupunguza maji ghafla humuumiza sana yule anayetaga chini, ilhali yule wa kinywani huondoka na mayai yake.

Sasa taarifa ya binti yako. Nimefurahi kwamba ameituma, kwa kuwa ina mafunzo mawili makubwa kwenu, ingawa si yale ambayo wanahisa wameyaona. La kwanza ni kwamba hata huko ugonjwa ni huu huu. Maziwa madogo ya kaskazini mwa Minnesota yana samaki anayeitwa paiki, mwindaji mrefu mwenye meno makali. Katika maziwa mengi paiki wamekuwa wengi na wadogo, hata wavuvi wakawapa jina la vipini vya nyundo. Mwaka wa 2018 serikali ya jimbo hilo ilibadilisha kanuni. Katika ukanda wa kaskazini ya kati mvuvi aliruhusiwa kuchukua paiki 10, lakini kila mwenye urefu wa kati ya inchi 22 na 26, yaani sentimita 56 hadi 66, lazima arudishwe majini, na juu ya hapo asichukue zaidi ya wawili. Angalia fikra iliyomo: wadogo chukueni kwa wingi, wakubwa waacheni wafanye kazi yao. Watu wengi hapa kwetu huamini kwamba kulinda samaki ni kuwarudisha wadogo tu. Penye msongamano, kanuni hiyo hugeuka.

La pili ni jinsi wanavyopima. Wataalamu wale hawahesabu kila samaki ziwani, na hakuna awezaye. Hutega nyavu za aina ileile, idadi ileile, usiku mmoja, msimu uleule wa mwaka, kisha hurudi baada ya miaka na kufanya vivyo hivyo. Idadi ya samaki kwa kila wavu, urefu wao na uzito wao hulinganishwa na za zamani. Nguvu ya kazi yao iko katika kurudia.

Lakini msinakili vipindi vyao. Ziwa la kwa binti yako huganda barafu kwa miezi mitano hivi, na samaki hukua wakati wa kiangazi tu. Ndiyo maana magamba yao hubeba duara za kila mwaka ambazo mtaalamu huzisoma kujua umri, jambo ambalo kwa samaki wetu wa ikweta ni gumu kulisoma kwa uhakika. Huko mwezi Februari hofu ni barafu na theluji nene kuzuia mwanga, mimea ishindwe kutoa oksijeni, na ziwa dogo lenye kina kifupi life samaki wake wote. Mambo yao huenda polepole, kwa hiyo uchunguzi mmoja hudumu miaka. Bwawa la Ruiru linaweza kubadilika kabisa ndani ya miezi minane. Ninyi mpime mara mbili kwa mwaka: mwishoni mwa Februari kabla ya mvua ndefu, na tena mwishoni mwa Septemba.

Kuhusu kuwaleta samaki wa huko, jibu ni hapana, na nalisema bila kuzunguka. Paiki na wenzake wameumbwa kwa maji yanayopoa vikali kila mwaka. Zaidi ya hilo, Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya mwaka 2016 haimruhusu mtu kuingiza aina ngeni ya samaki nchini au kuitia majini kwa hiari yake. Trauti naye ana historia ndefu kwetu: waliletwa mwaka wa 1905 na kutiwa Mto Gura kwenye milima ya Aberdare, na mpaka leo wanavuliwa katika mito ya Aberdare na ya Mlima Kenya. Lakini huko wanaishi kwenye maji baridi yanayokimbia juu ya changarawe. Maji yakipita nyuzi 20 huanza kuteseka, na bila changarawe na mkondo hawazai. Mkiwatia Ruiru mtawaokota wakielea msimu wa kwanza wa jua kali.

Turudi kwenye bwawa lenyewe. Kazi ya kwanza ni kupima, na haihitaji mtaalamu wa kulipwa. Tafuteni ubao wenye rula, mizani ya jikoni inayosoma gramu, na daftari. Vueni samaki 100 bila kuchagua, kwa wavu na si kwa ndoano, kwa sababu ndoano huchagua. Pimeni urefu wa kila mmoja kutoka mdomoni hadi ncha ya mkia, na uzito wake. Kisha fanyeni hesabu hii ambayo wewe Mwalimu utaifanya kwa dakika moja: zidisha uzito kwa gramu mara 100, gawanya kwa urefu kwa sentimita uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu. Samaki wa sentimita 15 mwenye gramu 60 atatoa karibu 1.8, na huyo ni tilapia wa afya. Mwenye urefu huo na gramu 45 atatoa 1.3, na huyo amekonda. Mkipata wengi chini ya 1.5, njaa imethibitishwa kwa tarakimu, na utakuwa na kitu cha kuwaonyesha wanahisa kwenye mkutano badala ya maneno yangu.

Mkitaka kujua idadi, ipo njia ya kuweka alama, ambayo kwa samaki ilianzia kwa mtaalamu wa Denmark, Carl Georg Johannes Petersen, mwishoni mwa karne ya 19. Vueni samaki, wakateni kipande kidogo sana cha ncha ya pezi la mkia, warudisheni wakiwa hai. Baada ya wiki mbili vueni tena, kutoka pande zote za bwawa, na mhesabu wangapi wana alama. Tuseme mliweka alama 120, safari ya pili mkapata 150, na kati yao 6 wana alama. Zidisha 120 kwa 150, gawanya kwa 6: mna samaki 3,000 hivi wa saizi ile wavu wenu unayoweza kushika. Vidagaa hawamo humo. Mkipata wenye alama wachache sana, mmoja au wawili, msiiamini hesabu hiyo. Wekeni alama nyingi zaidi mrudie. Kwa bwawa lenu nadhani mtalazimika kurudia, kwa kuwa samaki watakuwa wengi mno. Lakini nakuomba msikwame hapa. Urefu na uzito wa samaki 100 utawafaa kuliko idadi kamili.

Kazi ya pili ndiyo nzito, na ndiyo ambayo wanahisa wataipinga: watoeni. Namaanisha kutoa samaki kwa wingi, hata nusu ya uzito wote uliomo. Wakati mzuri ni Januari hadi Machi maji yanapopungua. Kama bado kuna pampu za kumwagilia kahawa, zitumieni kushusha kina zaidi, ili samaki wasongamane na wavu wa kukokota uwafikie. Wavu huo ni wa aina ya kokoro, ambayo imepigwa marufuku Ziwa Victoria kwa sababu nzuri, maana inazoa wadogo. Hapa kuzoa wadogo ndilo lengo lenyewe. Hata hivyo, pitieni kwanza ofisi ya samaki ya Kaunti ya Kiambu, mweleze mnachotaka kufanya, na ofisa awepo siku hiyo. Mtajiepusha na tabu na mtapata mwenye uzoefu wa kusimamia. Samaki watakaotoka wauzieni wanaokaanga Githurai na Ruiru, na wadogo kabisa wachukuliwe na wafugaji wa kuku na nguruwe. Msirudishe hata mmoja kwa huruma. Mkokote mara kadhaa, siku tofauti, mpaka wavu uanze kurudi mwepesi.

Wale waliobaki watakushangaza. Tilapia aliyedumaa kwa njaa hajapoteza uwezo wa kukua. Akipata nafasi huanza tena. Mkipima baada ya miezi mitatu au minne mtaona tofauti kwenye mizani kabla hamjaiona kwa macho.

Lakini pasipokuwa na mwindaji mtarudi palepale. Waliobaki watazaa, na safari hii watoto watapata chakula kingi. Ndipo kazi ya tatu inapokuja, nayo ina mpangilio ambao hauwezi kugeuzwa: punguza kwanza, mwindaji baadaye. Samaki mwindaji humeza kile kinachoingia kinywani mwake. Besi, samaki mwindaji wa asili ya Marekani, kwa mfano, ni vigumu ammeze samaki anayezidi theluthi ya urefu wake mwenyewe. Tilapia wenu wa sentimita 13 wanahitaji besi wa sentimita 40 kuwameza, na ninyi mtakuwa mnatia besi wa urefu wa kidole. Hao wadogo watazungukwa na umati wa tilapia wanaogombania chakula kilekile na kula mayai yao. Kazi ya mwindaji ni kula watoto wa mwaka huu. Wazazi waliokwisha dumaa ni kazi ya wavu.

Homer Swingle, aliyefanya kazi Auburn huko Alabama na kuchunguza mabwawa mengi ya mashambani, alieleza mwaka wa 1950 kwamba bwawa lililo sawa lina uzito wa samaki wanaoliwa ulio kati ya mara tatu na sita ya uzito wa wawindaji. Uwiano ukipanda mbali juu ya hapo, wanaoliwa wamezidi na watadumaa. Hesabu ya Swingle ilihusu samaki wa Marekani, kwa hiyo msiichukue kama amri kwa Ruiru. Mimi huitumia kujiuliza swali moja: katika bwawa hili, je, kuna mwindaji wa kutosha? Kwenu jibu ni sifuri.

Mwindaji gani? Hapa watu wa ndoano watakushawishi upande wa besi, na nawaelewa. Ni samaki anayepigana, anaruka juu ya maji, anafuata chambo cha bandia, na maji ya Ruiru yangemfaa. Aliletwa Naivasha kutoka Marekani mwaka wa 1929 kwa ajili ya watu kama hao. Lakini Naivasha hiyohiyo ndiyo inayonizuia kuwaambia mumtie. Ziwa lile lilikuwa na samaki mmoja tu wa kwake, mdogo sana, asiyepatikana kwingine. Hajaonekana tangu miaka ya 1960, na besi ni miongoni mwa wanaoshukiwa. Kisha mwaka wa 2001 kapi, samaki wa kufugwa, alionekana ziwani humo bila yeyote kuamua atiwe, na ndani ya miaka kumi akawa ndiye anayejaza nyavu. Samaki mgeni hakai alipowekwa. Bwawa lenu linafurika wakati wa mvua ndefu, maji yanapita kwenye mlango wa kumwagia, yanaingia kijito, kijito kinaingia mto, na katika mito ile bado mna samaki wa asili wa Athi na Tana ambao hawana wa kuwatetea isipokuwa mimi na wewe. Hilo naliona zito kuliko furaha ya mvuvi wa Jumamosi.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kambare. Ni samaki wa nchi hii, anapatikana kwenye vituo vya kuzalisha vifaranga, na wafugaji wa Kenya wamemtumia miaka mingi kupunguza watoto wa tilapia. Si mwindaji hodari kama besi. Hutembea chini na usiku, na hula vitu vingine vingi. Lakini hukua mpaka kilo kadhaa, na mtu aliyenasa kambare wa kilo 5 kwa fimbo nyepesi hatauliza kwa nini hamna besi. Ningeanza na 50 kwa ekari, yaani 550, wenye urefu wa sentimita 10 na zaidi ili wasiliwe na ndege wiki ya kwanza, na ningewatia mwanzo wa mvua ndefu baada ya wavu kumaliza kazi. Mwulizeni ofisa wa kaunti, au kituo cha ufugaji wa samaki cha Sagana, kabla ya kununua, ili mjue vifaranga hao ni wa kambare safi na hawakuchanganywa na kitu kingine. Na wekeni chekecheo la chuma kwenye mlango wa kumwagia maji, likisafishwa kila wiki wakati wa mvua. Likiziba takataka, maji yatapanda na kupita juu ya ukuta wa bwawa.

Ukuta huo, Mwalimu, unanitia wasiwasi kuliko samaki. Mabwawa mengi ya kahawa yalijengwa kwa udongo miaka mingi iliyopita, na walioyajenga waliondoka. Tarehe 9 Mei 2018 bwawa la shamba huko Solai, Nakuru, lilipasuka usiku na kuua zaidi ya watu 40. Kabla hamjamwalika hata mvuvi mmoja, iteni mhandisi akague ukuta, mwangalie kama kuna miti iliyoota juu yake, mashimo ya wanyama, au mahali panapolowa upande wa chini. Na muwe na kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji kwa jina la kampuni. Hili halihusu samaki, lakini wanahisa ndio watakaowajibika.

Sasa matarajio ya uvuvi, ambayo najua ndiyo mwenyekiti anayasubiri. Yapo, na nguvu yenu ni ukaribu. Mtu wa Nairobi anayetaka trauti lazima apande milimani; anayetaka besi lazima ashuke Naivasha. Bwawa la Ruiru analifikia asubuhi na kurudi nyumbani kabla ya foleni ya jioni ya Barabara ya Thika. Lakini mwaka wa kwanza msimtangazie samaki mkubwa, kwa sababu hamna. Tangazeni siku ya familia: watoto, fimbo za mwanzi, minyoo na tonge la ugali kwenye ndoano ndogo, tilapia wa kukaanga papo hapo. Kila tilapia anayechukuliwa ni kazi ambayo mngeilipia wavu. Kanuni iwe wazi ubaoni: tilapia uliyevua nenda naye, mkubwa kwa mdogo, usimrudishe, kambare mrudishe. Kwa miaka miwili ya mwanzo kambare wote warudishwe, na ndoano iwe imebanwa kile kijino chake ili itoke bila kumjeruhi. Baada ya hapo ruhusuni mtu mmoja kambare mmoja, asiyezidi sentimita 60, na wakubwa wabaki. Ninyi mtakuwa mmeazima fikra ile ya Minnesota na kuivalisha samaki wa kwetu.

Mvuvi wa ndoano hataweza kuwapunguza tilapia peke yake, hilo msijidanganye. Ndoano hunasa wakubwa kuliko wadogo, na bwawa la ekari 11 lenye wavuvi wengi litakuwa na kelele kuliko samaki. Fimbo 12 kwa siku zingetosha mwanzoni. Kila mtu akiondoka aandike daftarini alivua saa ngapi na alipata samaki wangapi wa urefu gani. Daftari hilo ni uchunguzi wa bure. Samaki kwa saa wakizidi huku urefu ukishuka, leteni wavu. Samaki kwa saa wakipungua na urefu ukapanda, kazi inakwenda vizuri hata kama wateja wanalalamika, na mtalazimika kuwaeleza kwa nini.

Yako mambo mawili ya hatari ambayo yanaweza kuharibu kazi ya miaka miwili kwa usiku mmoja. Kama jirani yenu bado ana kiwanda cha kuambua kahawa, jueni maji yake yanakwenda wapi, hasa kati ya Oktoba na Desemba wakati wa mavuno makubwa. Maji ya maganda ya kahawa yana asidi na huoza kwa kunywa oksijeni. Yakiingia bwawani samaki hufa wote, wakubwa kwanza. La pili ni alfajiri. Mimea na mwani hutoa oksijeni mchana na kuitumia usiku, kwa hiyo kiwango cha chini kabisa huwa kabla ya jua kuchomoza, hasa Julai kunapokuwa na mawingu siku nyingi mfululizo. Mlinzi afundishwe kuangalia saa kumi na moja asubuhi: akiona samaki wametoa midomo juu ya maji, siku hiyo hakuna kuvua, hakuna kutia mbolea wala chakula, na kama pampu ipo irushe maji hewani yarudi bwawani. Wavuvi pia wakae ukingoni au kwenye gati la mbao na wasiingie majini, kwa sababu ya kichocho.

Umeuliza mwishoni kama mwanze kuwalisha. Kwa sasa hapana. Chakula cha kununua kitawapa nguvu ya kuzaa zaidi samaki ambao mnataka wapungue, na kinachobaki kitaoza chini. Tutalizungumza mwaka wa pili, mkishaona urefu umepanda. Kwa mkutano wa wanahisa, nenda na jambo moja la kupitishwa: pesa za vifaranga 20,000 zihamishiwe kwenye ukaguzi wa ukuta, ukodishaji wa wavu, na kambare 550. Ukipima wale samaki 100 mwezi wa Februari, nitumie safu mbili, urefu na uzito, jinsi zilivyo bila kuchagua wazuri, nami nitakuambia mtoe kiasi gani.